Utamu wa Bourbon Unatoka kwenye Pipa

Chupa ya bourbon haina sukari ya kuhesabika. Sheria za Marekani zinakataza kuiongezea sukari, rangi au kionjo chochote, na mvuke unaopanda kwenye mtambo hauchukui sukari ya nafaka. Hata hivyo anayeionja mara ya kwanza, hasa aliyelelewa na wiski za Uskoti, huiona tamu. Ananusa vanila na karameli, pengine nazi, pengine karafuu, na anajiuliza kiwandani kumetiwa nini. Hakukutiwa kitu. Harufu hizo zina chanzo kinachoweza kufuatwa hatua kwa hatua, na nikizifuata mimi hufika mahali pamoja: si kwenye mahindi, ijapokuwa mahindi ndiyo yanayosifiwa kwenye matangazo, bali kwenye kanuni moja kuhusu pipa.

Mahindi hata hivyo hayana budi kutangulia. Ili wiski iitwe bourbon ni lazima itengenezwe Marekani, na angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi. Viwanda vingi huzidisha hadi asilimia 70 na kitu. Sehemu inayobaki hugawanywa kati ya nafaka ya rai au ngano, na kimea cha shayiri. Kimea hicho ni kidogo, lakini bila chochote cha kuuvunja, wanga wa mahindi ungekaa tu kama uji. Vimeng'enya vya nafaka iliyoota ndivyo vinavyougeuza wanga kuwa sukari, ndipo hamira ipate cha kula. Wapishi wa busaa wa magharibi mwa Kenya wanalijua jambo hili bila kitabu cha kemia: unga wa mahindi uliokaangwa hauwi pombe hadi utiwe kimea cha wimbi. Kentucky, nyumbani kwa bourbon, wanatumia shayiri, Kakamega wanatumia wimbi, kazi ni ile ile.

Mchanganyiko ukishapoa hutiwa hamira pamoja na machicha ya maji yaliyobaki mtamboni kwenye mpiko uliopita. Maji hayo yana uchachu, na uchachu huo huwazuia bakteria wasiotakiwa na kufanya mpiko wa leo ufanane na wa jana. Aliyeiweka mbinu hii kwenye vipimo ni James Crow, daktari Mskoti aliyehamia Kentucky katika karne ya 19. Kutoka hapo ile bia ya mahindi huingia kwenye mtambo wa kukenekea, mara nyingi mnara mrefu wa shaba na chuma, na sheria inaweka dari: isitoke ikiwa na zaidi ya asilimia 80 ya alkoholi. Dari hiyo ina maana. Vodka ya Marekani hukenekwa hadi asilimia 95, na kwa nguvu hizo karibu harufu yote ya nafaka imeachwa nyuma. Ikitolewa chini ya 80, harufu ya mahindi inapita.

Kinachotiririka wakati huo ni cheupe kama maji, kinanukia mahindi mabichi na kuunguza koo. Aliyewahi kuonja chang'aa safi iliyopikwa kwa kangara ya mahindi hatakiona kigeni. Hakina vanila, hakina karameli, hakina rangi. Vyote hivyo bado viko kwenye mti.

Sheria inasema bourbon ihifadhiwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Neno zito hapo ni kipya. Kanuni hii iliwekwa miaka ya 1930, baada ya marufuku ya pombe kuondolewa mwaka 1933, na matokeo yake ni kwamba pipa hujazwa bourbon mara moja tu. Likimwagwa, halirudi. Kwa kawaida ni la mwaloni mweupe wa Marekani, lenye ujazo wa lita 200 hivi, na fundi hulichoma kwa moto wa wazi kwa sekunde kadhaa. Daraja la nne, ambalo ndilo zito zaidi kati ya yale yanayotumika sana, huchukua karibu sekunde 55, na mbao za ndani hupasuka hadi zikafanana na ngozi ya mamba. Mafundi wenyewe huliita hivyo.

Tabaka la juu linakuwa mkaa, na mkaa hunasa baadhi ya harufu kali za salfa zilizotoka mtamboni. Lakini tabaka lenye faida kubwa zaidi liko nyuma ya mkaa, pale moto ulipofika bila kuunguza. Hapo lignini, ile gundi inayoshikilia nyuzi za mti, imevunjika na kutoa vanilini, ambayo ni kemikali ile ile inayoipa vanila harufu yake. Hemiselulosi imegeuka sukari za mti zilizoungua kidogo, ndiyo karameli na rangi ya kahawia. Laktoni za mwaloni, ambazo mwaloni wa Marekani unazo kwa wingi kuliko wa Ulaya, zinanukia nazi. Karafuu inatokana na eugenoli, na hiyo si mfano wa kishairi: eugenoli ndiyo kemikali kuu ya mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba. Kwa hiyo msomaji wa pwani akisema bourbon inanukia karafuu, pua yake haimdanganyi.

Utamu basi unanuswa. Ulimi haukukuta sukari, ila ubongo umezoea kukutana na vanila na karameli ndani ya keki na peremende, ukajaza wenyewe kilichokosekana. Jaribu kuziba pua unapoonja. Utamu karibu wote unatoweka na kubaki moto na uchungu mdogo wa tanini za mti.

Kisha kuna hali ya hewa. Kiangazi cha Kentucky ni kikali na maghala mengi hayapozwi kwa mashine, kwa hiyo pombe hutanuka na kuingia ndani ya mbao. Majira ya baridi hujikunja na kurudi, ikiwa imebeba ilichokikuta. Kila mwaka sehemu hupotea hewani, wanaiita mgao wa malaika: Uskoti ni karibu asilimia 2, Kentucky mara nyingi 3 hadi 5. Linalonivutia zaidi ni kwamba kwenye ghorofa za juu za maghala ya Kentucky, penye joto na ukavu, maji hutoroka haraka kuliko alkoholi, na pombe huzidi kuwa kali kadiri inavyokaa. Uskoti, penye baridi na unyevu, ukali hupungua mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana namba ya umri kwenye chupa haifai kulinganishwa kati ya nchi hizi mbili. Wiski ya Uskoti ya miaka 12 inaweza kuwa inaanza kukomaa. Bourbon iliyokaa miaka 12 kwenye mti mpya na joto lile iko karibu na mpaka ambapo tanini huanza kuipa uchungu wa ganda la mti. Anayelipa zaidi kwa sababu ya namba peke yake analipia namba.

Sasa pipa lililomwagwa linakwenda wapi? Mengine huenda kwa watengenezaji wa ramu na tequila, mengine hutumika kuchachusha pilipili ya Tabasco, na mengi mno huvuka Atlantiki kwenda Uskoti na Ireland. Uskoti sheria inataka mwaloni na angalau miaka 3, haidai mti uwe mpya. Wiski nyingi za huko hukomaa kwenye pipa ambalo bourbon imeshalinyonya. Vanila imebaki kidogo, nazi kidogo, na kimea cha shayiri kinapata nafasi ya kusikika: asali, tufaha, biskuti. Glenmorangie Original ni mfano safi, kwa kuwa hukomaa kwenye mapipa yaliyotoka bourbon. Ukiiweka kando ya bourbon yenyewe unaonja mti ule ule katika maisha yake ya kwanza na ya pili. Laphroaig ya kisiwa cha Islay inaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Kwa miaka mingi imetumia mapipa ya bourbon, mengi yakiwa ya Maker's Mark, lakini kimea chake hukaushwa kwa moshi wa piti, udongo mweusi wa mimea iliyooza unaokatwa na kuanikwa uwe kuni. Fenoli za moshi huo zinanukia dawa ya hospitali na samaki wa kukaushwa, na vanila inabidi uitafute chini kabisa.

Jameson, inayoagizwa sana kwenye baa za Nairobi, hukenekwa mara tatu, na hiyo huifanya iwe nyepesi. Ni wiski ya kumpa mtu asiyetaka kufikiri sana. Johnnie Walker ni mchanganyiko wa wiski za vimea na za nafaka nyingine, na Uskoti huruhusu kuongeza rangi ya karameli, hivyo ukahawia wa glasi yake usiuchukue kama ushahidi wa umri. Wa bourbon umetoka kwenye mti, hata bourbon ikiwa changa.

Jack Daniel's inataka maelezo yake. Inatengenezwa Lynchburg, Tennessee, kwa mahindi mengi na pipa jipya lililochomwa, lakini kabla ya pipa hudondoshwa polepole kupitia safu ya mkaa wa mti wa mepo yenye kina cha karibu mita 3. Mkaa huo hupunguza ukali na mafuta mazito ya nafaka. Aliyemfundisha Jack Daniel kupika wiski ni Nathan Green, aliyejulikana kama Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Kiwanda kilianza kulitangaza hilo kwa uwazi mwaka 2016, zaidi ya miaka 100 baada ya Daniel kufa.

Kwa anayeanza, kosa linaloharibu ulinganishaji ni kuweka mezani glasi zinazotofautiana kwa kila kitu. Bourbon ya asilimia 50 kando ya Laphroaig ya 40 inakuambia tu kwamba moja ina moto na nyingine ina moshi. Linganisha zinazotofautiana kwa jambo moja. Jozi bora ninayoijua ni Maker's Mark na Wild Turkey 101. Zote ni za Kentucky, zote zina mahindi asilimia 70 au zaidi kidogo, zote zimekaa kwenye mwaloni mpya. Tofauti kubwa iko kwenye nafaka ya pili: Maker's Mark ina ngano asilimia 16, Wild Turkey ina rai asilimia 13. Ngano haina kelele, inawaachia vanila na karameli uwanja. Rai inaleta pilipili manga, mdalasini na ukavu mwishoni mwa koo.

Lakini Maker's Mark huwekwa chupani ikiwa na asilimia 45 na Wild Turkey hiyo ina 50.5, kwa hiyo zisawazishe. Kwenye mililita 25 za Wild Turkey ongeza mililita 3 za maji, zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai, na utakuwa umefika 45. Maji si ushamba. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Uswidi walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba kupunguza alkoholi kunasukuma guayakoli, mojawapo ya molekuli za harufu ya moshi, juu ya uso wa kinywaji, pale pua inapoweza kuipata.

Barafu iache, baridi hufunga harufu. Ila ushauri wa vitabu vya Ulaya kwamba wiski inywewe katika joto la chumba haukuandikiwa Mombasa wala Dar es Salaam wakati wa kaskazi. Kwa nyuzi 32 alkoholi inaruka na kuchoma pua kabla ya kitu kingine. Itie chupa kwenye maji ya baridi hadi ishuke kwenye nyuzi 20 hivi. Tumia glasi ya mvinyo yenye mdomo mwembamba, nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, na funda la kwanza usilihukumu kabisa, kwa kuwa linaamsha ulimi tu. Mwombe mtu mwingine amimine na kuweka alama chini ya glasi, usijue ipi ni ipi. Jina la chupa lina ladha yake, na ladha hiyo hudanganya.

Ukishazizoea hizo mbili, leta Glenmorangie, halafu Laphroaig iwe ya mwisho daima, kwa sababu moshi ukishakaa kinywani hakuna kinachofuata kitakachoonjeka sawasawa.

Kama fedha inatosha chupa moja tu, uamuzi wangu ni huu. Maker's Mark ndiyo rahisi kuipenda usiku wa kwanza. Wild Turkey 101 ndiyo bora: ina vanila yote ya pipa jipya, ina rai ya kuibishia, na inavumilia maji bila kupoteza umbo. Nunua hiyo.