Masizi ya Kibatari

Mezani kwa Mzee pana taa mbili. Moja ni ya umeme, ya kuonea. Ya pili ni kibatari cha mafuta kisicho na chemni, na hicho hakimuliki kitu. Kazi yake ni kutoa moshi. Mzee hushika kipande cha chuma juu ya ulimi wa moto mpaka kiwe cheusi tititi, akakipachika mahali pake, akakivuta tena polepole, kisha akakigeuzageuza penye mwanga. Palipofutika masizi ndipo chuma kinapogusana na chuma, na hapo ndipo tupa inapopita, mara mbili, pengine mara moja tu. Halafu kipande kinarudi kwenye moshi. Siku ya kwanza nilianza kuhesabu safari hizo, nikaishia kumi na tisa, na kipande chenyewe hakizidi ukucha wa gumba.

Hapo ni Liège, Ubelgiji, mji ambao umefua silaha kwa karne nyingi. Nilikwenda kwa Mzee, fundi bunduki, kutafuta bastola. Nilikuwa nimekwisha kufanya mtihani na kupata leseni, na kwa miaka miwili nilikuwa nikilenga shabaha kila Jumamosi kwa bastola ya kuazima ya klabu. Nikataka yangu, ya kujipakia yenyewe, lakini ya mtindo wa zamani: chuma kitupu, nyundo inayoonekana kwa nyuma, mpini wa mti. Nilikuwa na karatasi yenye majina. Mzee aliipokea, akaiweka chini ya bilauri yake ya kahawa bila kuisoma.

“Nyoosha mkono, kijana,” akasema. Nina miaka arobaini na sita.

Majina yale nayakumbuka. Ilikuwemo 1911 ya Wamarekani, ambayo Machi ya mwaka 1911 ilijaribiwa kwa risasi 6,000, ikawa ikipata moto inatumbukizwa majini, kisha inaendelea. Haikukwama hata mara moja. Ilikuwemo P210 ya Waswisi, iliyoingia jeshini kwao mwaka 1949, ambayo sehemu ya juu inateleza ndani ya kiunzi badala ya kukipanda kwa nje kama zilivyo nyingi. Ukiivuta, chuma hakichezi. Bei yake ilinitosha kama jibu. Na ilikuwemo hii ya hapahapa, Browning Hi-Power, iliyozaliwa Herstal, mwendo wa basi tu kutoka mezani kwa Mzee.

John Browning alikuwa mtu wa Ogden, Utah, mwana wa fundi bunduki. Ndiye aliyebuni ile 1911, na ndiye aliyekuwa akivuka bahari mara kwa mara kuja kufanya kazi na kiwanda cha Herstal. Tarehe 26 Novemba 1926 moyo wake ulisimama humohumo kiwandani, kazini kwake. Bastola aliyokuwa ameianza haikwisha. Ilimaliziwa na Mbelgiji, Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935, ikiwa na magazini ya risasi kumi na tatu katika mpini ambao bado unaenea kiganjani. Vita vikuu vilipokuja, Wajerumani walikiteka kiwanda wakaendelea kuitengeneza kwa ajili yao, huku upande wa pili ikitengenezwa Toronto, Kanada. Kazi ya mafundi walewale ikawa inapigana yenyewe kwa yenyewe. Mzee hupita hapo haraka, nami napita naye.

Anapokawia ni kwenye kuchagua. Kwanza mkono. Alinipa bastola moja tupu, akaifungua mbele yangu nione hamna kitu, akaniambia nifumbe macho, niielekeze ukutani kama ninayemwonyesha mtu njia, kisha nifumbue. Alama ya kulengea ya mbele ilikuwa imekaa kati ya mwanya wa nyuma, sawasawa, bila mimi kuipangia. Ya pili, iliyokuwa ghali zaidi, ilitazama chini kushoto kama mtu mwenye haya. “Hiyo ni ya mwenzako,” akasema, akairudisha kabatini. Hakuniuliza ipi inanivutia kwa sura.

Kisha sikio. Sehemu ya juu, ile wenyewe huiita slaidi, akaivuta taratibu karibu na sikio langu, akaiachia irudi huku akiizuia kwa kiganja. Iliyotengenezwa kwa pupa hukwaruza mwanzoni na kutikisika mwishoni. Iliyopitishwa kwenye masizi hutoa sauti moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, sauti ya hariri inayovutwa juu ya hariri. Nilikuwa nimepiga maelfu ya risasi bila kujua kwamba kuna kitu cha kusikiliza pale.

Mwisho kifyatulio, na hapa Mzee alikuwa mkweli kuhusu mtoto wa mji wake. Hi-Power ina kilinzi kinachoizuia isifyatuke magazini ikiwa imetolewa, na kilinzi hicho husugua uso wa magazini kila kidole kinapovuta. Ndiyo maana kifyatulio chake kinasifika kwa uzito na ukakasi. Wengi hukilalamikia wakanunua kitu kingine. Mzee huusugua uso wa magazini kwa jiwe laini na mafuta, hauongezi wala hauondoi kitu, mpaka ule ukakasi uishe. Ukivuta sasa, uzito unabaki, lakini unakuja wote kwa pamoja, halafu unaachia kama embe lililoiva linavyoachia kikonyo. Kwa anayelenga kwa mkono mmoja mita ishirini na tano, tofauti hiyo ni kila kitu.

Niliyoichukua ni ya miaka ya sitini. Buluu yake ilikuwa imechakaa pembeni, nikamwomba anirudishie. Nilidhani ni rangi. Kumbe ni kutu. Chuma husuguliwa kwa msasa mpaka king’ae kama maji, kisha hupakwa dawa na kuachwa kipate kutu kwa makusudi, kutu nyekundu laini kama vumbi la matofali. Halafu huchemshwa katika maji safi, na ile nyekundu hugeuka nyeusi. Husuguliwa kwa brashi ya nyuzi za chuma, hupakwa tena, huachwa tena, huchemshwa tena. Siku ya tatu kilikuwa cha kijivu na nikaingiwa na wasiwasi. Siku ya sita kilikuwa na ule weusi wenye buluu ndani yake, kama bahari ya saa kumi na mbili jioni. Dole gumba langu lilipokigusa kabla hakijapakwa mafuta, Mzee alikichukua kimyakimya akaanza upya upande ule.

Ni siku hizo za kungoja ndipo nilipomsimulia habari za gobori la babu. Kijijini kwetu, upande wa Sikonge, babu alikuwa na gobori la kufukuzia nguruwe pori shambani. Utotoni nilizoea kulipitishia kidole pale mtutu unapoingia kwenye tako, kwa sababu palikuwa na alama nisiyoielewa: umbo la yai, na ndani yake herufi tatu, E, L na G. Babu alisema ni jina la aliyelitengeneza. Mzee aliweka tupa chini. Akachora kwenye ile karatasi yangu, chini ya majina ya bastola, lile yai na herufi zake. Ni muhuri wa wakaguzi wa Liège, akasema. Kila mtutu hupakiwa baruti kupita kiasi na kupigwa, na usiopasuka ndio unaogongwa muhuri. Jambo hilo liliamriwa mwaka 1672. Bunduki za bei nafuu za kupeleka Afrika zilitoka hapa kwa wingi, na mitutu mingi ilifuliwa na mafundi wa bonde la Vesdre, wengine wakifanyia kazi majumbani mwao.

Kwa hiyo lile gobori tulilokuwa tukiliona la kishenzi, lililofungwa waya penye ufa wa tako, lilikuwa limepita mikononi mwa mtu aliyejua masizi. Na lilidumu. Babu alilirithi kwa babaye, na mahindi yetu yalilindwa nalo.

Siwalaumu wanaonunua bastola za plastiki. Zinapiga vizuri, ni nyepesi, na mashine zinazokata chuma chake zina usahihi ambao tupa haiwezi kuufikia. Ninachoona vigumu kukivumilia ni ile desturi ya kutupa. Klabuni, kifyatulio kikikwaruza, kijana hafungui aone panaposugua; anaagiza kingine, kinafika Alhamisi, cha zamani kinaingia kwenye pipa. Hata Hi-Power yenyewe, baada ya kutengenezwa zaidi ya miaka 80, iliachwa. Mwaka 2022 ikarudi kwa jina lilelile, lakini vipuri vya ile ya zamani haviingii katika hii mpya. Jina limerithiwa bila mwili.

Mzee alifunga karakana mwaka jana. Macho yalimshinda. Shule ya ufundi wa silaha mjini bado ipo, na aliwahi kupata wanafunzi wawili. Wa kwanza alikaa mwezi, wa pili aliuliza kwa nini asitumie mashine, akajibiwa atumie, akaenda. Vifaa vilinunuliwa kwa uzito, jiliwa likiwa la kwanza kutoka. Kibatari hakuna aliyekitaka, na sijui kiliishia wapi. Mimi alinipa tupa moja, ndogo, ya Kiswisi, ambayo mpini wake wa mti umelika pale gumba lake lilipokuwa likikaa kwa miaka. Huwa naishika jioni nikishasafisha bastola. Gumba langu halikai pale.