Mzee Majuto na Thamani ya Kicheko

Wako watu wazima, tena wenye busara, wasemao kwamba mchekeshaji hana kazi, bali huwapotezea wenziwe wakati. Sisi twaona neno hilo halijapimwa vizuri. Basi natutazame kazi ya mtu mmoja wa mkoa wetu wa Tanga, ambaye sura yake ilijulikana na watoto wa Handeni na Korogwe kuliko sura za wakuu wengi: ndiye marehemu Amri Athumani, aliyeitwa Mzee Majuto.

Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza jukwaani angali mtoto, mwaka 1958. Miaka mingi alicheza mbele ya watu ana kwa ana. Halafu kanda za video zilipoenea, na baada yake diski, vichekesho vyake viliingia majumbani, na katika mabanda ya video, na hata ndani ya mabasi yapitayo Segera na Korogwe. Alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Yaani tangu utoto hata uzee, muda wa miaka 60, kazi yake ilikuwa hiyo moja.

Alichekesha kwa njia gani? Mara nyingi aliigiza mzee bahili, mwongo, mwoga, mwenye kutamani wasichana, ambaye hila zake humrudia mwenyewe. Hakuhitaji maneno mengi. Alinyamaza kidogo, akageuza macho, na watu wakajua uongo gani unakuja. Picha za namna hii hazina maandishi marefu; mwigizaji huelezwa kisa tu, na maneno huyatoa mwenyewe papo hapo. Kwa hiyo asiye na akili nyepesi hufadhaika, na watazamaji humwona. Yeye hakufadhaika.

Wazazi wengine walalamika kwamba picha hizi zawafundisha watoto kuwadharau wazee. Twawajibu kwa desturi yetu wenyewe. Wazigua wana watani wao, Wanyamwezi. Na kila aijuaye desturi ya utani ajua kwamba mtani hufika hata msibani, akasema neno ambalo mwingine akilisema patakuwa na ugomvi. Neno lile huuma, lakini halivunji undugu, maana lina kweli ndani yake. Mzee Majuto alikuwa kama mtani wa nchi nzima. Katika picha zake zilizo bora, anayechekwa ni yeye mwenyewe. Na anayechekwa si mvi zake, bali ubahili wake na tamaa yake. Mzee mwenye adabu akimtazama hapati hasara. Mwenye tabia ile ndiye ajikunaye kichwa.

Walakini haki yatupasa kusema na upande wa pili. Si kila picha yake ilikuwa njema. Nyingine zafanana mno kisa kwa kisa. Nyingine zaisha kwa haraka, kama chakula kilichopakuliwa hakijaiva. Na katika nyingine mwanamke hana kazi ila kutamaniwa au kutukanwa. Mzazi azuiaye watoto wasitazame hizo hatumlaumu.

Lakini tutafute chanzo cha haraka ile. Desturi ya biashara ya picha nchini ilikuwa kwamba msambazaji huinunua picha yote kwa fedha ya mara moja, kisha faida inayofuata ni yake. Mwigizaji akitaka kula mwezi ujao, hana budi kutengeneza picha nyingine. Mfananisheni na Charlie Chaplin, Mwingereza aliyepata sifa katika sinema za Marekani. Mwaka 1919 yeye na wenziwe watatu, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, waliunda kampuni yao wenyewe, iitwayo United Artists, ili kazi zao zisishikwe na wengine. Kwa hiyo Chaplin aliweza kuishughulikia picha moja, City Lights, tangu mwaka 1928 hata ikatoka mwaka 1931. Twaamini kwamba Mzee Majuto hakupungukiwa kipawa; alipungukiwa nafasi.

Jambo hili lilionekana wazi baadaye. Katika mwaka 2018 mzee alikuwa mgonjwa, akapelekwa India kutibiwa. Ndipo watu wakauliza: mtu aliyechekesha nchi nzima, malipo yake yako wapi? Waziri wa Habari wa wakati ule, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuitazama mikataba ya wasanii, na ya Mzee Majuto ikiwamo. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1999. Lakini sheria haimsaidii mtu aliyekwisha kutia sahihi asilolisoma.

Watu wa Korogwe watafahamu upesi. Katika mashamba ya mkonge ya zamani, manamba alikuwa na kipande chake cha siku 30. Alipokijaza, alijua anadai nini. Ujira ulikuwa mdogo, na kazi ilikuwa ya kuchosha, lakini hesabu aliiona kwa macho yake. Mchekeshaji wetu hakuwa na kipande. Kicheko chake kiliuzwa tena na tena, naye hakuwapo mahali kilipohesabiwa.

Sisi tuliofundishwa kusoma tuna deni hapa. Kwanza, kijana wa kijiji chetu akipata kipawa cha kuigiza au kuimba, na aletewe karatasi ya mapatano, tuketi naye tuisome neno kwa neno kabla hajatia sahihi. Pili, tusinunue diski ya wizi kwa sababu ni rahisi. Maandiko yatufundisha kwamba mtenda kazi asinyimwe ujira wake, wala hayakumtoa mchekeshaji katika hesabu hiyo. Tatu, tukiwa na neno la kulaumu katika picha, tulilaumu. Lakini tusiseme tena kwamba mtu aliyewapumzisha waliochoka kwa miaka 60 hakuwa na kazi.