Upondo na Kishikwambi

Siku isiyo na ukungu, aliyesimama kwenye mgongo wa milima ya Ugweno huona maji pande mbili. Mashariki, chini ya miteremko, kuna Ziwa Jipe, ambalo mpaka wa Tanzania na Kenya unapita ndani yake. Magharibi, ng'ambo ya nyika ya Mwanga, linang'aa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mto Ruvu ndio unaoyaunganisha: hutoka Jipe, huizunguka ncha ya kaskazini ya milima yetu, hukutana na Mto Kikuletwa bwawani, na kutoka hapo maji huitwa Pangani hadi yaingie Bahari ya Hindi. Nchi yetu husifiwa kwa migomba, kahawa na mifereji, tena kwa haki. Lakini wanaoishi kwa mtumbwi huko chini nao wana ufundi wao, na mimi nauhesabu miongoni mwa elimu kubwa za Upareni.

Jipe ni ziwa la kina kifupi, mahali pengi hata mita tatu hazifiki. Kwa hiyo upondo una kazi kuliko kafi. Mti huo mrefu husukuma mtumbwi, na papo hapo humpa habari aliyeushika: hapa pana tope, hapa mchanga, hapa mizizi ya mafunjo, hapa kina kimeongezeka tangu jana. Mabaharia wa pwani walikuwa na bildi, ile risasi ya kupimia kina iliyofungwa kamba. Mvuvi wa Jipe bildi yake iko mikononi muda wote. Kisha kuna matete. Yamelizingira ziwa, yameingia ndani yake, na mafungu mengine huelea na kusukumwa na upepo. Kijia kilichopitika alfajiri huweza kuzibwa jioni. Aliyezibiwa njia humo, giza likiingia na viboko wakianza kutoka kwenda malishoni, hana mtu wa kumwuliza.

Huiuliza milima. Kilele fulani cha Pare kikisimama sawia juu ya pengo la kilima kilicho mbele yake, mvuvi anajua yuko kwenye mstari mmoja. Akigeuka akakuta alama nyingine mbili zimepangana upande wa Taita au wa Kilimanjaro, amepata mstari wa pili. Mistari hiyo inapokatana ndipo alipo. Wavuvi wa pwani hufanya vivyo hivyo kwa minazi na minara ya misikiti ili warudi kwenye mwamba wenye samaki. Manahodha waliokuwa mbali na nchi kavu walipima kimo cha nyota kwa kamali, kibao chenye uzi wa mafundo, na Ahmad ibn Majid wa Julfar aliiandika elimu ya mabaharia hao katika karne ya 15. Mvuvi wa Jipe hajaandikiwa kitabu, lakini anachokifanya ni elimu ya ukoo huohuo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kishikwambi kimekuja kuuua ufundi huu. Kanuni iliyo ndani yake haiko mbali na ile ya mvuvi. Setilaiti za GPS, mfumo wa Marekani, huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kishikwambi hupima muda ambao ishara ya kila moja imechukua kufika, hugeuza muda huo kuwa umbali, na kikipata nne hukokotoa mahali kilipo. Alama zimehamia angani, basi. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara waliyopewa raia, kosa likafikia mita 100 hivi, na mita 100 katika matete ya Jipe ni sawa na kutoambiwa chochote. Leo, penye anga wazi, kosa ni mita chache. Na kujua ulipo hakuhitaji intaneti, jambo ambalo wengi hawalijui. Kinachohitaji mtandao ni kupakua ramani, na hilo hufanywa nyumbani kabla ya safari.

Kukitumia vizuri, hata hivyo, kunataka fundi. Baadhi ya vishikwambi visivyo na tundu la laini havina kipokezi cha setilaiti kabisa, na mwenyewe hagundui mpaka afike majini. Jua la adhuhuri hufifisha kioo, na joto lake huweza kukizima chombo chenyewe. Tone la maji hujifanya kidole na kuihamisha ramani. Mshale wa uelekeo huaminika chombo kikiwa mwendoni. Mtumbwi ukisimama, mara nyingi huyumba ovyo, na asiyejua huyumba nao. Fundi hukitia kwenye mfuko usiopitisha maji, hukifunga kamba, hukiweka kivulini, hukitupia jicho, kisha hurudisha macho majini.

Kurudisha macho majini si jambo dogo. Tarehe 29 Novemba 2014, gizani, mashua ya mashindano Vestas Wind, ikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, iliparamia miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Mauritius. Mabaharia wake walikuwa mahodari na vyombo vyao vilikuwa bora. Miamba ilikuwamo kwenye ramani ya kielektroniki, ila ilipotazamwa bila kukuzwa vya kutosha, hatari haikuonekana. Wote waliokoka, namshukuru Mungu kwa hilo.

Kwetu tatizo ni jingine. Ramani za kawaida zinaonyesha Jipe kama doa la buluu tupu, bila kina, bila vijia. Ukilikuza, unapata doa kubwa zaidi. Picha ya setilaiti huonyesha matete, lakini ni matete ya siku ilipopigwa. Hapa ndipo kishikwambi kinapostahili sifa yangu kubwa, kwa sababu kinaweza kuandika. Mzee anayejua njia akipitisha mtumbwi, kifaa kikirekodi kila zamu yake, elimu iliyokuwa mikononi mwake inabaki hata atakapopumzika. Palipo na kisiki kinachonasa nyavu patiwe alama. Mpaka, ambao majini hauonekani na humwingiza mvuvi matatani, uonekane kabla hajauvuka. Ugweno, nchi ya wahunzi wa ukoo wa Washana ambao chuma chao kilitafutwa hadi Uchagani, haina sababu ya kukiogopa chombo kipya.

Chombo chenyewe si kigeni tena vijijini. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi walivyotumia makarani viligawiwa walimu. Nawaomba walimu wa Jipe, Kwakoa na Lang'ata, pamoja na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa uvuvi, wakae na wavuvi wakongwe, wapande nao mtumbwi, warekodi vijia, vina na mialo, kisha waitie kazi hiyo kwenye simu ya kila kijana anayeingia ziwani, na waifanye upya kila masika yakiisha. Mzee ashike upondo, kijana ashike kishikwambi, na kila mmoja amfundishe mwenzake. Anzeni kiangazi kinachokuja, maji yakiwa yamepungua na visiki vikiwa wazi.