Tuliacha ng'ombe, tukaingia kabila



Kuna neno linanisumbua tangu kiangazi cha mwaka jana pale Nyakabere, nalisema bila kuzunguka: sisi tuliosoma tunasifu sana mazungumzo, lakini kuzungumza hatujui. Naanza na mimi mwenyewe.

Ng'ombe waliingia katika shamba la mihogo. Mama mwenye shamba akalalamika, chefu akaita watu chini ya muembe, nami nikaitwa kama agronomu nipime hasara. Siku ile nilijiona mutu mukubwa. Nikahesabu mashina, nikaeleza polepole kwamba muhogo ulioliwa ungali muchanga unaweza kuchipuka tena, lakini ule uliokaribia kuvunwa hasara yake ni ingine. Kila mutu aliongea kwa adabu. "Mzee, kwa heshima yako." "Mama, pole, tunakuelewa." Mfugaji akakubali kulipa, tukapeana mikono. Nilirudi nyumbani nikijisifu.

Wiki moja nyuma yake, njia ya kwenda mutoni ilikuwa imefungwa kwa miiba. Vijana hawakusema tena "ng'ombe za fulani." Walisema "wao" na "sisi." Tuliacha ng'ombe, tukaingia kabila.

Nikaenda kwa mfugaji, nikiwa nimechelewa. Akaniambia: "Agronomu, mihogo ulihesabu muzuri sana. Njia uliihesabu?" Kwake yeye, kiangazi kikikausha majani huko juu milimani, ng'ombe hushuka kunywa maji kwa njia ile ile tangu wakati wa babake. Sasa kila mwaka jembe linaila hatua mbili, tatu. Nikarudi kwa mama. Naye akaniambia shamba lake la kwanza alilikimbia wakati wa vita. Aliporudi akakuta mutu mwingine analilima, akasogea pale palipobaki. Watu wawili, kila mmoja na haki yake, na mimi katikati na karatasi yangu. Ile siku ya muembe hakuna aliyewauliza. Tuliwaomba tu wasipandishe sauti.

Hapa njo ninapoikosoa mikutano yetu mingi ya amani, Uvira na bonde lote la Ruzizi. Tunafikiri heshima ni sauti ya chini. Lakini mutu anaweza kukudharau kwa sauti tamu kabisa. Tunakaa kwenye semina, tunavaa beji, tunasaini tamko ambalo tayari liliandikwa mbele hatujafika, tunachukua transporti tunaenda. Kijana anayechunga yuko malishoni. Mama anayelima, kama ameitwa, ameketi nyuma. Na mutu asiyekuwepo hawezi kukusahihisha unapomsemea.

Kosa hili hata wakubwa walilifanya. Mazungumzo ya Wakongomani kule Sun City, Afrika Kusini, yalianza tarehe 25 mwezi wa 2 mwaka 2002, yakafungwa tarehe 19 mwezi wa 4, mwezesha mazungumzo akiwa Ketumile Masire, rais wa zamani wa Botswana. Karibu miezi miwili ya maneno. Mwishoni, serikali ya Kinshasa ikapatana na MLC ya Bemba, na RCD ikabaki nje. Wakati ule RCD njo ilikuwa imeshika Uvira. Sisi wa hapa tunajua mwezi wa 10 wa mwaka huohuo ulikuwaje: Mai-Mai wakaingia mujini, RCD ikaurudisha kwa bunduki. Ilibidi kungoja Pretoria, tarehe 17 mwezi wa 12, ndipo RCD na Mai-Mai nao wakasaini pamoja na wengine. Kupatana na aliye tayari kukubaliana nawe ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni yule mwingine.

Najua kuna atakayeniuliza: na yule aliyefiwa Mutarule, usiku wa tarehe 6 mwezi wa 6 mwaka 2014, watu zaidi ya 30 walipouawa, naye umwambie asikilize? Ulizo ni la haki, sitalirukia. Kusikiliza si kusamehe, na si kufuta kesi. Mwenye kudai haki aidai mpaka mwisho. Mimi nasema na sisi ambao hatujafika pale, tulio bado kwenye mambo ya mihogo na njia. Tukiyafunika kwa adabu, yanaoza, na kikioza kitu hapa kwetu tunajua kinazaa nini.

Sasa niko na sheria moja ndogo. Mbele ya kumujibu mutu, namrudishia maneno yake mpaka aseme mwenyewe: "Ndiyo, ni hivyo nilivyosema." Akisema hapana, naanza upya. Nilifanya hivyo na mama yule, na mfugaji yule, safari hii wote wawili wakiwa wamesimama njiani, si chini ya muembe. Ilichukua asubuhi nzima, na mama alinisahihisha mara tatu.

Sitawadanganya: mpaka leo hawajapatana. Lakini miiba imetolewa, na wakigombana, wanagombania njia. Neno la kabila halijarudi mdomoni mwao. Njia inaweza kupimwa kwa kamba. Kabila utalipima na nini?

Karibuni munikosoe. Ila mbele ya kunijibu, semeni kwanza nilichosema.