Rangi Iliyobakizwa: Uhakiki wa «Mémoire» ya Sammy Baloji

Miongoni mwa mbinu ambazo kompyuta imezirahisisha kupita kiasi ni ile ya kubakiza rangi moja ndani ya picha nyeusi na nyeupe. Fundi huchukua picha ya rangi, huinakili katika tabaka la pili, huiondolea rangi nakala hiyo, kisha hufuta sehemu ndogo ya tabaka la juu ili rangi ya chini ichungulie: maua ya bibi arusi, midomo, mwavuli. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo sababu nyingi za picha hizo hazistahili kutazamwa mara ya pili. Zinamwamuru mtazamaji atazame wapi, halafu hazina la kumwambia akishatazama.

Mbinu yenyewe lakini ni kongwe kuliko kompyuta. Katika filamu ya Eisenstein ya mwaka 1925 juu ya meli ya kivita Potemkin, bendera ilipakwa wekundu kwa mkono, picha baada ya picha. Mwaka 1993 Steven Spielberg alimvika mtoto koti jekundu katika Schindler's List, filamu ambayo karibu yote haina rangi. Koti hilo si pambo. Schindler analiona siku Wayahudi wa Kraków wanapofukuzwa mitaani na kuuawa. Baadaye analiona tena, limelala juu ya mkokoteni wa maiti. Rangi inaporudi ndipo maiti mmoja kati ya wengi anapotambulika kuwa ni yule yule mtoto.

Kwa nini nyekundu? Brent Berlin na Paul Kay walishikilia mwaka 1969 kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya msingi ya rangi huwa na jeusi, jeupe na jekundu. Vivumishi vya rangi vya Kiswahili vinavyokubali upatanisho wa ngeli ni hivyo hivyo vitatu: -eusi, -eupe, -ekundu. Nyingine huazimwa kwenye vitu, kama kijivu kwenye jivu na kahawia kwenye kahawa, au, mitaani Lubumbashi, kwenye Kifaransa. Jambo hili lisichukuliwe kuwa ushahidi juu ya macho ya wasemaji. Linaonyesha tu kwamba fundi anayebakiza wekundu peke yake hakuchagua ovyo.

Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ameigeuza mbinu hiyo kichwa chini. Katika mfululizo wake «Mémoire», uliokamilika mwaka 2006, mandhari ndiyo yenye rangi: karakana za Gécamines zilizopasuka, vyuma vilivyoliwa na kutu, udongo mwekundu wa Katanga, anga pana. Watu ndio wasio na rangi. Wamekatwa kwa kompyuta kutoka picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni, wafanyakazi weusi na mabwana wazungu, wakasimamishwa katikati ya magofu ya kampuni waliyoijenga. Kwa kawaida jicho hukimbilia kwenye rangi. Hapa linakimbilia kwenye ukosefu wake.

Nguvu ya kazi hii inatoka katika historia ambayo mtazamaji wa Katanga haitaji kufundishwa. Union Minière iliundwa mwaka 1906 na kuanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911. Gécamines, mrithi wake, ilitoa takriban tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1993 haikufikia hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari (neno hilo nalo linastahili uhakiki wake). Basi kutu ile yenye rangi nzuri ndiyo wakati wa sasa, na wale wa kijivu ni mababu wanaokuja kukagua urithi.

Wako watakaouliza: je, kumwacha mfanyakazi bila rangi si kumfungia katika zamani, awe mzuka badala ya mtu? Swali ni halali, lakini lifikiriwe pamoja na njia nyingine iliyopo. Siku hizi programu hupaka rangi picha za kale zenyewe, kwa kukisia kutokana na maelfu ya picha nyingine. Shati la mchimbaji wa miaka ya 1920 hupewa rangi inayoelekea kufaa, na mtazamaji huipokea kama kweli. Baloji hakisii. Mpaka baina ya kijivu na rangi ni mshono ulioachwa wazi, nao unakiri kwamba mtu huyu na mahali hapa havikupigwa picha pamoja.

Kasoro iko kwingine. Picha nyingi za mfululizo huu hazina jina, ila namba. Huenda msanii alitaka picha ijisemee, na katika maonyesho ya nchi za nje desturi hiyo haishangazi. Lakini wanaume hawa walisimama mbele ya kamera kwa sababu ya kazi yao, na kampuni kubwa za migodi ziliwatambua watu wao kwa namba za daftari. Namba iliyowekwa chini ya picha yao mwaka 2006 haiwezi kusomwa Lubumbashi kama inavyosomwa Paris. Wazee waliotoka katika kambi za wafanyakazi wangali wapo. Picha hizi zikiwekwa mbele yao, penye namba pengine patapatikana jina la baba wa mtu.