Kitabu cha Mtumba na Jibu Lake

Mnunuzi wa vitabu vya mitumba hutazama kwanza bei. Mimi hutazama mwaka wa chapa. Kitabu cha Mmarekani Lynn White juu ya teknolojia na jamii katika Ulaya ya Zama za Kati kilitoka mwaka 1962. Hoja yake inavutia: kikuku cha farasi kilimkaza askari juu ya tandiko, katika karne ya 8 Charles Martel akatwaa ardhi za Kanisa, akawapa wapanda farasi, na ukabaila ukazaliwa. Mwaka 1963 Sawyer na Hilton walimpinga vikali: ushahidi ni haba, na chombo peke yake hakizai mfumo wa jamii.

Je, kitabu hicho kitupwe? La, kinunuliwe. White anatufundisha kutazama plau na vinu, si wafalme na maaskofu tu. Lakini mwalimu mwenye kitabu kimoja hukifanya msahafu, na darasa zima humwitikia. Muuza mitumba hawajibiki kutuwekea hoja na jibu lake katika rafu moja. Kulitafuta jibu, ndugu msomaji, ni wajibu wetu.