Shujaa Anapotua, Ardhi Ndiyo Inayoigiza

Aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anaujua mkao ule: goti moja chini, ngumi ardhini, mkono wa pili umenyooshwa nyuma, kichwa kimeinama kisha kinainuka taratibu. Iron Man alitua hivyo Gulmira mwaka 2008. Kufikia 2016 mkao ulikuwa umezoeleka kiasi kwamba Deadpool anautabiri kabla adui yake hajaruka, halafu analalamika kwamba unaumiza magoti.

Zana za kutengeneza tukio hilo zimeshatufikia. After Effects imo kwenye kompyuta nyingi za wahariri wetu, Blender ni bure, na DaVinci Resolve ina toleo la bure. Mtengenezaji wa filamu Isaac Nabwana alitengeneza helikopta na milipuko ya filamu yake Who Killed Captain Alex? (2010) pale Wakaliga, Kampala, kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe. Kwa hiyo video nyingi za vijana wetu zinapoanguka, siamini tena kwamba tatizo ni vifaa. Zinaanguka kwa sababu mhariri amehangaika na shujaa na kuisahau ardhi anayoipiga.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwigizaji akiruka kutoka kwenye meza ya mita moja, anagusa chini akiwa na kasi ya takriban mita 4.4 kwa sekunde. Katika video ya fremu 24 kwa sekunde, hizo ni kama sentimita 18 kwa kila fremu. Shujaa aliyetoka kwenye paa la mita 30, tukiacha upinzani wa hewa, anafika na kasi ya mita 24 kwa sekunde, yaani mita nzima kila fremu. Kama picha yako inaonyesha mita tatu za hewa juu ya ardhi, shujaa huyo anaonekana angani kwa fremu tatu tu, basi. Wahariri wengi wanaliona hilo ni hasara, wanaurefusha mwanguko ili vazi lionekane vizuri, na matokeo yake ni mtu anayeshushwa kwa kamba. Uongeze kasi mara tano au sita, washa ukungu wa mwendo, halafu mwonyeshe shujaa kwa utulivu baada ya kutua, wakati mtazamaji anayo nafasi ya kumtazama.

Upigaji wenyewe ni mwepesi ukiwa na subira. Kamera ikae kwenye tripodi na isiguswe. Funga mwanga na fokasi, kwa sababu simu ikijirekebisha yenyewe vipande viwili havitalingana. Piga kwanza mahali pakiwa patupu kwa sekunde chache. Picha hiyo tupu ndiyo itakayokuwezesha kuifuta meza kwa maski. Kisha mwigizaji aruke. Atue kwa miguu, ashuke, aweke goti na ngumi polepole, asiipige ardhi kwa nguvu. Kishindo kitaongezwa kwenye kompyuta, na magoti yake hayana akiba.

Sasa ardhi. Iite fremu ya mguso fremu sifuri, na kila kitu kihesabiwe kutoka hapo. Nyufa zianze fremu ya kwanza na ziwe zimekamilika kufikia ya tatu. Ufa unaotambaa taratibu kwa sekunde nzima hauonyeshi nguvu yoyote. Tumia picha ya nyufa halisi, ilaze ifuate mlalo wa ardhi kwa kuvuta pembe zake nne, uichanganye kwa Multiply ili weupe upotee na giza la ufa libaki. Na tafadhali, angalia umesimama juu ya nini. Saruji hupasuka vipande, lami hufanya mistari iliyovunjika, lakini kiwanja cha udongo hakipasuki hivyo: kinabonyea, kinatoa shimo na vumbi. Nyufa za saruji zilizopakuliwa mtandaoni na kubandikwa kwenye uwanja wa mpira wa mtaani zinakataliwa na jicho la mtoto wa miaka sita.

Vipande vinavyoruka navyo vina saa yao. Jiwe linalopanda sentimita 50 hutumia karibu theluthi moja ya sekunde kufika juu na muda uleule kurudi: fremu nane kwenda, fremu nane kushuka. Programu za chembe mara nyingi huanza na mvutano mdogo mno, mawe yakaelea kama yako mwezini. Ongeza mvutano mpaka hesabu itimie, kisha kila jiwe lipewe kivuli chake.

Vumbi ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu unaweza kulitengeneza mwenyewe kwa unga. Tandika kitambaa cheusi, weka taa upande uleule jua lilipokuwa siku ya kupiga, dondosha kitu kizito juu ya unga, na upige kwa fremu 120 kwa sekunde. Siri iko kwenye namba hiyo, nayo inajulikana na watengenezaji wa filamu za vijumba vidogo tangu zamani: ukikuza kitu, mwendo wake upunguzwe kwa kipeuo cha pili cha ukuzaji. Wingu la unga la sentimita 10 likikuzwa mara 25 linakuwa la mita mbili na nusu. Kipeuo cha 25 ni tano, na fremu 120 zikichezwa kwa 24 zinapunguza mwendo mara tano hasa. Ndiyo maana unga uliopigwa kwa kasi ya kawaida huonekana unga tu, hata uukuze vipi. Uchanganye kwa Screen ili weusi utoweke, uupe rangi ya udongo wa mahali, na ugawe leya mbili, moja nyuma ya shujaa na nyingine mbele ya miguu yake. Ile ya mbele ndiyo inayomkalisha ndani ya picha. Jambo moja la usalama: unga ukiwa hewani hushika moto haraka, kwa hiyo hakuna jiko, mshumaa wala sigara karibu.

Mtikisiko wa kamera ni kazi ndogo. Amri ya wiggle ya After Effects inatosha, mradi uanze fremu ya kwanza, uwe na nguvu zaidi mwanzoni, na uishe ndani ya nusu sekunde. Kuza picha kwa asilimia tano hivi ili kingo zisifichuke. Kwenye sauti, nyamazisha kidogo kelele za mazingira kabla ya mguso, piga mshindo mzito, kisha acha changarawe zisikike zikidondoka.

Kinachobaki ni kivuli, na hapa sina mzaha. Jua likiwa limeinama, kivuli cha anayeanguka huingia kutoka upande ulio kinyume na jua, kinakimbilia miguu, na vinakutana fremu sifuri. Maski yako imekifuta pamoja na cha meza. Kirudishe: nakili umbo la mwigizaji, lifanye jeusi, lilaze chini, lilainishe, ulisogeze kwa fremu zilezile tatu za mwanguko. Bila hicho, leya kumi za vumbi hazitamgusisha shujaa wako na ardhi.

Kwa hiyo kabla hujaongeza ufa mwingine, zima leya zote ubakize mtu, ardhi na kivuli, kisha cheza shoti yako bila sauti. Kama kutua hakuaminiki hapo, rudi ukapige upya.